Wafiwa wa Paja la Kushoto

Mhezi, Same
Jumapili, 14 Julai 2024

Mume wangu Sifael,

Salamu nyingi. Sisi hapa hatujambo. Mtoto ana wiki tano sasa na mashavu yamejaa kama ameficha andazi kila upande. Baridi ni ile ile ya Mhezi, ukungu unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Nakuandikia barua kwa sababu simu haifai tena, na kwa nini haifai unajua mwenyewe.

Jana asubuhi Asheri, dereva wenu, alinipigia akiwa Lindi mjini. Unajua simu yangu tangu iangukie ndoo ya maziwa haisikiki sikioni, inasema kwa sauti kubwa tu kama redio. Nilikuwa uani na mama yako tunapukuchua maharage. Asheri akasema, "Shemeji, usihangaike kumpigia Sifael. Simu yake imezibwa ndani ya plasta pamoja na mfupa." Nikamuuliza, "Mfupa gani?" Akasema, "Wa marehemu wetu, shemeji! Paja peke yake linamzidi Sifael urefu. Wiki nzima mumeo amelala ubavuni pake anamsafisha kwa brashi."

Mama akaacha kupukuchua.

Sifael, uliniambia unakwenda kuchonga mawe. Mama ulimwambia mawe. Mchungaji alikuombea safari njema ya mawe, mbele ya watu.

Mama hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alijifuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa baba mkubwa Eliufoo. Unakijua kile kilima, alikipanda bila kupumzika. Wakarudi wote wawili. Baba mkubwa alikaa, akanywa chai, akauliza swali moja tu: "Huyo marehemu ni wa ukoo gani, na nani amewapa ruhusa ya kumtoa?" Nikasema sijui. Akasema basi wewe Sifael humgusi mtoto, wala hukanyagi nyumba anayolala.

Alinieleza kwa upole kabisa. Zamani ukoo ukihamisha kichwa cha mzee kukipeleka mpungi, kule msituni walikowekwa wazee wote wa ukoo, waliogusa mifupa hawakusogelea mtoto wa kunyonya mpaka wenye marehemu waseme wameridhika. Na huyo alikuwa marehemu wa nyumbani. Sembuse wa Lindi!

Mama akasema, "Mimi ni mama wa kanisa, mambo hayo niliyaacha. Lakini kwa wajina wangu hatujaribu." Maana mtoto atabatizwa Agatha, basi mama anaongea kana kwamba anayebatizwa ni yeye.

Ubatizo ni tarehe 8 Septemba. Ulisema utapata likizo ya siku nne. Hujawahi kumwona mwanao, Sifael. Nataka umshike. Niandikie upesi huyo marehemu ni nani na wenyewe ni kina nani, tuwaombe.

Mimi mkeo,
Raheli


Kambi ya Nambehe, Lindi
21 Julai 2024

Mke wangu Raheli,

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama, haikubadilika.

Kwanza sikudanganya. Ni mawe. Yalikuwa mifupa, yakakaa ardhini mpaka yakawa mawe kabisa, ukigonga yanalia. Hata Dokta Victoria, mtaalamu wa visukuku ambaye ndiye mkuu wetu hapa, akichukua kipande husema, "Hebu tuone jiwe hili." Kwa hiyo niliposema mawe nilisema kweli, ila nilianzia katikati.

Pili, si mtu. Ni mnyama, anaitwa dinosaria. Shingo ndefu, mkia mrefu, alikula majani tu. Hakuwahi kumuudhi mtu yeyote kwa sababu watu walikuwa bado hawajaanza. Dokta anasema alikufa miaka milioni mia moja na hamsini iliyopita. Nilimuuliza mara mbili kama ni milioni kweli. Mwambie baba mkubwa kama palikuwa na matanga, yalishaanuliwa.

Kuhusu simu. Mfupa ukiupata hauung'oi kama muhogo, utavunjika. Unachimba pembeni yake pole pole, unaufunika karatasi laini zilizoloweshwa maji, halafu unaufunga vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kama mtu aliyevunjika mguu. Ikikauka mnaugeuza mnafunga upande wa pili. Nilikuwa nimeinama, simu ikachomoka mfuko wa shati. Sikujua mpaka ilipoanza kuita humo ndani. Ni wewe ulikuwa unapiga. Iliita siku mbili, Raheli, na kila ikiita Hamisi mpishi anasema, "Jamani, paja linatafutwa nyumbani." Nilimwomba Dokta tupasue. Alikataa. Alichukua kalamu nene akaandika juu ya plasta: PAJA LA KUSHOTO, NA SIMU YA SIFAEL. Litafunguliwa Dar es Salaam mwakani.

Sikusema mifupa kwa sababu namjua mama. Na wewe unajua ninachokijua.

Mpakate mtoto kwa niaba yangu. Ana nywele? Hukusema.

Mumeo,
Sifael


Mhezi
28 Julai 2024

Mume wangu,

Nywele anazo, ila zote ziko nyuma.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mama na baba mkubwa. Nilipofika kwenye "mnyama" uso wa mama ulilegea, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Sasa, Sifael, nani alikutuma ueleze habari za plasta? Baba mkubwa aliinua kidole.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Wanamwosha. Wanamfunika. Wanamfunga gunia mwili mzima. Wanamwandika. Wanambeba watu wangapi?"

Nikasema hujaandika.

"Hawapungui wanane. Sasa niambie, mke wa Sifael, tangu uzaliwe umeona ng'ombe akivikwa sanda?"

Nilifikiri vizuri, na kwa kweli sijaona. Nikajitetea, "Lakini ni wa zamani sana, baba mkubwa. Miaka milioni." Akasema, "Uzamani ndio unamzidishia heshima. Miaka yote hiyo ametulia zake, anakuja kusumbuliwa na mtoto wetu!"

Nilitaka kucheka, nikamwangalia mama, nikaacha. Mama alikuwa ameshika mguu wa mtoto hivi, kwa vidole viwili, hauachii.

Basi hukumu ni ile ile. Mnyama au mtu, amehudumiwa kama mtu, kwa hiyo ana wenyewe, na wenyewe watafutwe. Baba mkubwa anataka pia mjue wazee wa huko wanasemaje.

Mimi sijakata tamaa. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine imegundishwa, ni ya Dokta Victoria. Mpe. Usiifungue, ni mambo ya wanawake.

Raheli


Mhezi
28 Julai 2024

Dokta Victoria,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Raheli, mke wa Sifael, yule mwenye simu ndani ya paja. Nisamehe mwandiko, niliishia kidato cha pili na mkono mmoja umembeba mtoto.

Naomba barua kutoka kwako kwenda kwa baba mkubwa wa mume wangu, Mzee Eliufoo, na mama mkwe wangu, Mama Agatha. Waeleze huyo mnyama ndugu zake ni kina nani. Nasikia nyinyi mkiona jino moja mnajua ukoo mzima, basi hata Mzee Eliufoo ndivyo alivyo, mtasikilizana. Tafadhali iwe na mhuri. Baba mkubwa anauamini mhuri kuliko mdomo, aliwahi kuipeleka kesi ya mpaka wa shamba mpaka Moshi kwa mhuri mmoja tu.

Dokta, ukicheka nitaelewa, hata mimi nacheka nikiwa peke yangu. Lakini nikueleze. Huyu mtoto ni wa pili. Wa kwanza, Elinaza, alizaliwa mwaka 2021. Alipokuwa na wiki sita baba mkwe alifariki. Sifael alibeba jeneza la baba yake, akashuka kaburini kulipokea, akarudi nyumbani na udongo kwenye suruali, akamchukua mtoto nikiwa namzuia kwa maneno tu. Alikuwa analia, alitaka kushika kitu kilicho hai. Baada ya siku tatu mtoto alishikwa homa. Hakupona. Hospitali walisema ni mapafu. Nilimwona daktari akiandika, naamini ni mapafu.

Mama mkwe hajawahi kumlaumu Sifael, hata siku moja. Ndiyo maana najua anamlaumu. Na Sifael hajawahi kujitetea, ndiyo maana najua anakubali.

Sasa nina mtoto mwenye afya na baba mwenye mikono, na sitaki wakae mbalimbali. Usimwambie Sifael kwamba nimekwambia.

Wako mtiifu,
Raheli


Kambi ya Nambehe, Lindi
6 Agosti 2024

Mzee Eliufoo na Mama Agatha,
Mhezi.

Shikamooni.

Mimi ni Dokta Victoria, msimamizi wa uchimbaji ambamo kijana wenu Sifael anafanya kazi. Mama yangu mzazi ni wa Ugweno, milima ya jirani na yenu, kwa hiyo swali lenu sikuliona la ajabu. Nimechelewa kulijibu kwa kuwa nilitaka kulijibu kwa ukweli.

Tulianza kwa wazee wa kijiji hiki. Mzee Salehe, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, amesema mifupa hii si ya watu wao. Babu zao waliikuta, na wao waliwaambia wajukuu wasiikalie. Ametupa ruhusa ya kijiji, pamoja na kibali cha serikali tulichonacho.

Kuhusu ndugu wa marehemu. Mnyama huyu ni wa kundi la dinosaria. Karibu wote waliangamia zamani mno, lakini tawi moja la ukoo huo lilipona na liko hai hadi leo. Tawi hilo ni ndege. Tunalijua hilo kwa mifupa: ya shingo, ya nyonga, na jinsi mifupa mingine ilivyo na nafasi za hewa ndani ili iwe myepesi. Sisemi kwamba ndege ni watoto wa mnyama huyu. Ni kama watoto wa baba wadogo na wakubwa, wa mbali, lakini ukoo ni mmoja. Ndege wote wamo: kunguru, kanga, njiwa. Na kuku.

Kwa hiyo mkiniuliza leo ni nani duniani anaweza kuitwa ndugu wa marehemu, jibu langu la kitaalamu ni hilo.

Sifael ni fundi mwangalifu kuliko wote nilionao. Hajavunja hata kipande kimoja.

Wenu,
Dk. Victoria
(Mhuri)


Mhezi
15 Agosti 2024

Dokta,

Shikamoo. Mhuri umefika. Baba mkubwa ameushika kwenye jua, akaukubali.

Nilisoma barua yako pale pale uani. Nilipofika kwenye neno "kuku", Dokta, sikupanga, lakini wote watatu tuligeuza shingo. Walikuwa sita na jogoo, wanachakura chini ya migomba kama watu wasio na habari. Mmoja aliinua kichwa akatuangalia kwa jicho moja.

Mama alinong'ona, "Na hapo hawajaambiwa."

Baba mkubwa aliwahesabu kwa kidole. Halafu akasema, "Kumbe tumesumbua watu wa Lindi bure. Wafiwa tunao hapa nyumbani." Akauliza mama yako ni wa Ugweno sehemu gani. Nikasema hukuandika. Akasema, "Si kitu. Watu wa Ugweno wanajiona, lakini huyu ameeleza vizuri."

Sasa mashauri yamekwenda hivi. Wafiwa watapewa pole. Pole ya kwetu ni chakula, hivyo mama atapika kande, mahindi na maharage, bila chumvi maana kuku hawapendi. Baba mkubwa atatoa maneno mafupi kumwombea Sifael radhi. Wakila wakamaliza, wameridhika. Wakibakiza hata punje, wamekataa, na Sifael atabaki huko huko. Mama anakazania habari ya kubakiza. Nilisema kuku hubakiza wakishiba, mama. Akasema mfiwa wa kweli hashibi.

Mambo mawili yamejitokeza. La kwanza, mama alikuwa amemweka jogoo kwa ajili ya sherehe ya ubatizo. Sasa anasema hawezi kumchinja mfiwa kwenye furaha ya nyumba ile ile iliyomtoa marehemu wake. Anamtazama jogoo kwa haya, na jogoo naona ameshajua, juzi aliingia sebuleni akafukuzwa kwa neno "samahani". La pili, mama anauliza, na bata? Na mbuzi je? Asije akaandaa chakula akakuta ni yale yale.

Nakuomba jibu kabla ya mwezi kuisha. Na pole kwa kukupotezea muda wa kuchimba.

Raheli


Kambi ya Nambehe
21 Agosti 2024

Mpendwa Raheli,

Bata yumo. Bata mzinga yumo. Mbuzi hayumo kabisa, mchinjeni kwa amani.

Mimi ni mwanasayansi, siruhusiwi kutoa ushauri kwenye mambo ya mila. Nitasema jambo la ufugaji tu: kuku aliyefungiwa bandani tangu jana yake hakatai kande, wala habakizi.

Barua ya pili ndani ya bahasha hii ni ya mume wako. Sijaisoma, lakini nakisia. Wiki iliyopita alikuja hemani kwangu akaniomba nifute likizo yake. Sijaifuta. Anaosha mikono mara nne kwa siku, na sabuni ya kambi inaisha. Nilimuuliza kulikoni, akanieleza habari za mwaka 2021 mwenyewe, yote. Kwa hiyo siri yako nimeitunza, na yake nimeshindwa.

Dk. Victoria


Kambi ya Nambehe
21 Agosti 2024

Mke wangu Raheli,

Habari za huko. Huku kazi imebana sana. Tumepata mbavu, nyingi kweli. Dokta amefuta likizo zote, hata yangu. Amesikitika lakini amefuta. Kwa hiyo fanyeni ubatizo bila mimi, msiahirishe kwa sababu yangu.

Halafu nimefikiri, kama mama ameona nisimshike, labda mama ameona vizuri. Mtoto ana afya. Mtu ukiwa na kitu kizima huendi kukijaribu. Nitamwona akianza kutembea.

Mimi,
Sifael


Mhezi
27 Agosti 2024

Sifael,

Mara nyingine ukitaka kudanganya usitumie bahasha moja na Dokta.

Nilikuwa na kurasa tatu za kukuandikia, za hasira. Nimezichana. Kalamu nimempa mama, ameiomba mwenyewe.

Raheli


Mwanangu Sifael,

Huu ni mwandiko wangu, ukishindwa kuusoma pole.

Jumamosi tumefanya lile jambo. Kuku nilikuta Raheli amewafungia tangu Ijumaa, anasema alimwona mwewe. Mimi sikumwona mwewe. Nikaweka kande kwenye sinia. Baba mkubwa wako alivaa koti, akavua kofia, akaanza: "Ndugu zetu wa ukoo wa mbali, kijana wetu Sifael..." Hakufika mbali. Tulipofungua mlango hapakuwa na mtu wa kusikiliza hotuba. Walikula sinia nzima, wakala na punje zilizomwagika, jogoo akapanda juu ya sinia kuangalia kama kuna chini yake. Baba mkubwa akasema, "Hawa hawakuwa na kinyongo hata kidogo." Akavaa kofia. Basi, yameisha.

Sasa la kwangu mimi, ambalo halihusu kuku.

Siku tuliyomzika baba yako, asubuhi kabla hujatoka kwenda kaburini, nilimwogesha Elinaza. Alikohoa. Nikamweka sikio kifuani, nikasikia kifua kinakwaruza. Nilijua kile kifua, nimelea watoto watano. Lakini nyumba ilikuwa imejaa watu na maiti iko ndani, nikasema moyoni, acha tumalize kuzika, nisimtie Raheli hofu. Jioni ukarudi ukamchukua. Mtoto alipougua watu wakasema ni udongo wa kaburini, nami nikawaacha waseme. Ilikuwa rahisi iwe mikono yako kuliko iwe masikio yangu. Miaka mitatu nimekuacha uoshe mikono.

Raheli nimemwambia jana tukiwa kwenye shamba la tangawizi. Niliogopa atanitupia jembe. Alinishika mkono na udongo wake, akakaa hivyo, halafu akasema tumalizie mstari.

Huyu mtoto nimemsikiliza kifua kila asubuhi tangu azaliwe. Leo pia. Kisafi.

Njoo. Usipokuja tarehe 6 nitakuja mimi huko Lindi na mguu wangu huu mbovu, na nitakaa juu ya huyo mjusi wenu mpaka unifuate.

Mama yako,
Agatha


Mhezi
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Dokta Victoria,

Shikamoo. Alifika Ijumaa mchana, ametoka kwenye pikapu na vumbi la mikoa mitatu. Hakuingia. Alisimama pale bombani uani akaanza kunawa. Akanawa, akanawa, mpaka baba mkubwa akamwambia, "Sifael, hilo bomba ni la kijiji kizima." Nilikuwa mlangoni na mtoto, nikashindwa kusogea. Ukisubiri jambo muda mrefu likija miguu haikubali.

Mama ndiye aliyetoka. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akateremka ngazi pole pole kwa ule mguu, akamwekea Sifael kifuani bila salamu yoyote. Sifael alikuwa bado ana povu. Akasema, "Mama, nina maji." Mama akasema, "Maji hayajawahi kuua mtu wa Mhezi, mshike kichwa." Basi akamshika kichwa. Mtoto alimwangalia kwa muda, hakulia, akamshika kidevu akakivuta kama anapima ndevu. Mama aliingia jikoni, akakaa huko akipanga vikombe, vikombe vyenyewe havikuwa vimechafuka.

Jana ndio ilikuwa ubatizo. Utaratibu wa kwetu ni kwamba msimamizi ndiye anamshika mtoto mbele ya mchungaji, na msimamizi ni rafiki yangu Dina, ameshona gauni jipya kwa ajili hiyo. Tulipoitwa mbele, Dina alinyoosha mikono. Sifael hakutoa mtoto. Dina akamwambia taratibu, "Lete." Sifael akasema, "Ndiyo," na hakuleta. Mchungaji akakohoa, akasema, "Baba mtoto, mpe msimamizi." Sifael akasema, "Ndiyo, mchungaji." Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo, wakaanza tena ubeti wa kwanza. Mwishowe mama alisema kutoka kwenye benchi lake, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mbatize hivyo hivyo alivyo!" Mchungaji akambatiza hivyo hivyo. Maji nusu yalimwangukia mtoto, nusu yakaingia mkono wa shati la baba yake, na Dina ameshika upindo wa kitambaa ili awepo na yeye. Ni Agatha sasa. Mama alilia akiitwa jina lake.

Chakula kilikuwa mbuzi. Kilitosha.

Dokta, nakuandikia hii ukumbini mwa nyumba yetu, saa tano asubuhi. Sifael amekaa hapo kibarazani kwenye kigoda, amembeba. Amekuwa hapo tangu chai. Nimemwomba mara mbili nimnyonyeshe, anasema, "Bado hajalia." Jana jirani alikuja kumwona mtoto, akamwona kwa mbali. Hata mama amejaribu kumdai wajina wake kwa ukali, ameambiwa asubiri zamu, na zamu hakuna anayeijua ilivyopangwa.

Likizo yake inaisha leo, na pikapu inashuka Same saa nane. Nimemkumbusha. Amesema anajua. Begi lake nimelifunga mimi, ila naona pikapu itashuka na barua hii tu.

Najua mna mbavu zinawasubiri, na mvua zikianza mtapata shida. Lakini mifupa hiyo imengoja miaka milioni mia na hamsini. Naomba umwongezee siku tatu. Kama tatu ni nyingi, basi mbili, ila moja yake iwe yangu, nami nimshike mwanangu.

Wako,
Raheli, Mama Agatha mdogo